Barua ya Wazi kwa Wanaotoa Ithibati za Huduma za Wapangaji: Cheti Kifike Kwenye Jengo

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa taasisi zinazotoa ithibati kwa mashirika yanayoratibu huduma za wapangaji katika nyumba za pango nafuu, Marekani;
na Waheshimiwa Wakurugenzi wa mamlaka za fedha za nyumba za majimbo.

YAH: VYETI VINAVYOISHIA MAKAO MAKUU

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wakalimani, waratibu na wapangaji tunaozungumza Kiswahili katika majengo ya pango nafuu, kutoka Portland ya Maine hadi Phoenix, na wengi wetu asili yetu ni mashariki ya Kongo. Yaliyomo humu tulikwisha kuyaeleza kwa barua za kawaida na katika vikao vya maoni. Tukajibiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa. Baadaye vyeti vikahuishwa, na fomu ya ukaguzi ilikuwa ileile. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Kwa msomaji aliye nje ya sekta hii, maelezo mafupi. Tangu 1986 sehemu kubwa ya nyumba mpya za pango nafuu Marekani hujengwa kwa punguzo la kodi ya serikali kuu, linalojulikana kwa kifupi LIHTC. Mwekezaji hupunguziwa kodi kwa miaka 10, na mwenye jengo hufungwa na masharti ya kipato na pango kwa miaka isiyopungua 30. Kila jimbo hugawa punguzo hilo kwa utaratibu wake wa alama, na majimbo mengi humwongezea alama mwombaji anayeahidi huduma kwa wapangaji: mratibu, masomo ya watoto baada ya shule, msaada wa makaratasi. Sheria yenyewe ya punguzo hili haidai mratibu hata mmoja. Pengo hilo ndilo ithibati, yaani cheti kwamba huduma za shirika zimekaguliwa na kufaulu, ilikuja kuliziba. Inayojulikana zaidi ni CORES, iliyoanzishwa na SAHF, muungano wa mashirika ya nyumba yasiyo ya faida. Nayo Fannie Mae, kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba, imekuwa na mpango wa kuwapa unafuu wa mkopo wenye majengo ambayo huduma zake zimethibitishwa.

Kwa hiyo cheti kina thamani ya fedha, na hatupingi kuwapo kwake. Kabla ya ithibati kila mwenye jengo alijisifia apendavyo. Malalamiko yetu ni kwamba ithibati, kwa jinsi inavyofanyika hivi sasa, hupima sera zilizoandikwa ofisini na kuacha kumuuliza anayepaswa kuhudumiwa. Hoja zetu ni hizi.

1. Cheti ni cha shirika, mpangaji anaishi kwenye jengo

Shirika hukaguliwa kwa miongozo yake, bajeti yake, mfumo wake wa kompyuta na sifa za wakuu wake. Likifaulu, jina lake hubeba majengo yake yote, likiwamo lile ambalo mratibu wake aliacha kazi na nafasi yake haijajazwa.

Chukueni hesabu nyepesi. Mratibu mmoja wa saa 40 kwa wiki amepewa majengo manne yenye nyumba 120 kila moja. Hizo ni familia 480. Dakika zake 2,400 zikigawanywa sawasawa, kila familia inapata dakika tano kwa wiki, kabla hamjatoa muda wa barabarani, vikao na taarifa. Kuhuisha Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya familia moja kwa mkalimani wa simu huchukua saa nzima na zaidi, kwa sababu kila sentensi inasemwa mara mbili, na bado hamjangoja kwenye simu ya idara. Mwaka 2023, ulinzi wa wakati wa korona ulipoisha tarehe 31 Machi na majimbo yakaanza kuhakiki upya watu wote, tofauti kati ya jengo lenye mratibu wa kweli na lenye mratibu wa karatasi ilionekana wazi: watu waliostahili walikatwa kwa sababu bahasha haikufunguliwa au fomu ilirudi bila sahihi.

Saa za kazi nazo ni tatizo. Ofisi inayofunguliwa Jumanne saa nne asubuhi hadi saa nane mchana haina maana kwa mtu anayeingia kiwanda cha nyama saa kumi na mbili alfajiri. Tunaomba cheti kiandamane na orodha ya majengo, na kwa kila jengo idadi ya nyumba, saa halisi za mratibu kwa wiki, na angalau jioni moja. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ukumbi wa kuingilia, karibu na masanduku ya barua. Nafasi ikikaa wazi zaidi ya siku 60, jengo hilo liondolewe kwenye orodha mpaka nafasi ijazwe.

2. Mnahesabu vichwa

Taarifa tunazoziona zimejaa mikutano: watu 35 walihudhuria chakula, mabegi 80 ya shule yaligawiwa Agosti, vipeperushi 200 vilitolewa. Hatuna ugomvi na mabegi. Lakini begi halimzuii mtu kutolewa nyumbani.

Takwimu zinazosema kitu zina namba mbili kila moja: waliohitaji, na waliofikiwa. Kaya ngapi zilipokea notisi ya pango lililochelewa mwezi huu, na ngapi kati yake mratibu alizungumza nazo kabla faili halijapelekwa mahakamani? Ngapi bado zinaishi hapo miezi sita baadaye? Kaya ngapi zilikuwa na tarehe ya kuhuisha fudi stempu (msaada wa chakula wa serikali) au Medicaid robo hii, na ngapi ziliwasilisha kwa wakati? Bila namba ya kwanza, ya pili haina uzito.

Upande wa Seksheni 8 ya jengo, yaani ruzuku ya pango ya serikali kuu iliyofungwa kwenye jengo, kipimo kiko mikononi mwenu tayari. Kanuni za HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, zinataka mpangaji akumbushwe uhakiki wa kipato wa mwaka siku 120, 90 na 60 kabla ya tarehe yake, na asipoitikia anaweza kutozwa pango la soko. Mara nyingi barua zote tatu ni za Kiingereza. Mratibu angepewa orodha ile ya siku 120, angekuwa na miezi minne ya kugonga milango. Tumeshuhudia majengo ambako orodha hiyo humfikia mratibu wakati mpangaji tayari ana deni asilolielewa. Ulizeni swali moja tu kwenye ukaguzi: orodha ya siku 120 humfikia mratibu tarehe gani?

3. Siri ya mpangaji

Hapa ndipo imani huvunjika, na ikivunjika hairudi. Katika majengo mengi mratibu anaripoti kwa meneja, yaani mtu yuleyule anayedai pango na kufungua kesi. Mama anamweleza mratibu kwamba mumewe amepunguziwa saa za kazi, au kwamba mdogo wake amelala sebuleni kwa wiki mbili, akidhani anaomba msaada. Kesho yake meneja anabisha mlango akiuliza habari za mgeni. Baada ya hapo jengo zima halimwendei tena mratibu, na taarifa ya mwaka inaandika kwamba wapangaji hawana mwitikio.

Tunachotaka kinawezekana bila gharama kubwa. Mafaili yawe mawili, la upangaji na la huduma, na la huduma lifungwe kwa ufunguo au nywila ambayo meneja hana. Fomu ya idhini ya kutoa taarifa iwe ya jambo moja, kwa ofisi moja, yenye tarehe ya kuisha. Ile ya jumla inayosainiwa siku ya kuhamia pamoja na karatasi nyingine arobaini haina thamani yoyote. Meneja awe huru kumtuma mpangaji kwa mratibu, lakini jibu analorudishiwa liwe "nimeonana naye" au "bado", basi. Mipaka ya kisheria, kama vile mtoto anayedhulumiwa au mtu aliye hatarini, ielezwe tangu mazungumzo ya kwanza, kwa lugha anayoielewa. Na mratibu asitumwe kamwe kubandika notisi ya kuhama mlangoni. Jambo hilo hufanyika.

4. Lugha

Fomu zenu zina kisanduku kinachouliza kama shirika linatoa huduma kwa wasiojua Kiingereza. Kila shirika linaweka alama ya ndiyo. Ndiyo hiyo maana yake inaweza kuwa kijana wa miaka kumi na mbili anayemkalimania mama yake barua ya mahakama.

Kwanza, lugha iandikwe ipasavyo. Tumeona mafaili ya watu wa Uvira na Fizi yaliyoandikwa "Kifaransa" kwa kuwa Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Mzee ambaye hakusoma shule hajui Kifaransa. Wengine wameandikwa Kiswahili kumbe nyumbani wanazungumza Kibembe au Kinyamulenge, na Kiswahili chao kinatosha sokoni ila hakitoshi kwa mkataba wa kurasa thelathini. Mkalimani wa simu aliyekulia Dar es Salaam na bibi wa kutoka Bunia wanaweza kuelewana vizuri kuhusu watoto na afya, halafu wakapotezana walipofika kwenye amana na adhabu ya kuchelewa. Kila mtu aulizwe mambo matatu: unazungumza lugha gani nyumbani, unasoma lugha gani, na ungependa kupokea taarifa kwa sauti au kwa maandishi. Majibu yakae ukurasa wa kwanza wa faili.

Pili, sauti. Wazee wengi hawasomi lugha yoyote, lakini karibu kila kaya ina WhatsApp. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ukieleza kwamba maji yatakatwa Alhamisi au kwamba barua ya bahasha kubwa isitupwe hufika kabla ya kipeperushi chochote. Unarekodiwa na mtu, si na programu. Tafsiri za mashine tunazozikuta zimebandikwa kwenye lifti zinachekesha mpaka unapokumbuka kwamba kuna mtu atapoteza nyumba kwa kuziamini.

Tatu, itajwe orodha ya nyaraka ambazo lazima zitafsiriwe na mtu na kuhakikiwa na wa pili: notisi ya deni, makubaliano ya kulipa kwa awamu, notisi ya kusitisha mkataba, fomu ya idhini, barua ya uhakiki wa kipato. Nyaraka tano. Hatuombi maktaba.

5. Elimu ya mratibu

Katika mpango wa HUD wa waratibu wa nyumba za wazee na wenye ulemavu, mratibu hutakiwa kupata saa 36 za mafunzo mwaka wa kwanza na 12 kila mwaka unaofuata. Mratibu wa jengo la familia lililojengwa kwa LIHTC anaweza kuanza kazi Jumatatu baada ya kuonyeshwa mashine ya kahawa. Makosa yanayotokea si ya nia mbaya.

Mfano ni kanuni ya wanafunzi. Nyumba ya LIHTC ambayo wakazi wake wote ni wanafunzi wa muda wote haistahili, isipokuwa kwa vighairi vitano vilivyotajwa kisheria, kama vile wanandoa wanaostahili kuwasilisha hesabu ya kodi pamoja au mzazi mmoja anayelea watoto. Mwanafunzi wa muda wote ni yule aliyekuwa hivyo katika miezi mitano ya mwaka wa kalenda, na miezi hiyo si lazima ifuatane. Ndugu wawili wanaishi pamoja. Mratibu mwenye moyo mzuri anawaandikisha wote wawili chuo cha jamii kwa muda wote. Januari hadi Mei zimepita, nyumba imepoteza sifa. Mmoja wao angechukua masomo ya muda nusu, pasingekuwa na tatizo.

Mfano mwingine ni pango lenyewe. Katika Seksheni 8 mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato kilichorekebishwa, kwa hiyo akipoteza kazi anaomba uhakiki wa katikati ya mwaka na pango hushuka. Katika nyumba ya LIHTC isiyo na vocha ya ruzuku ya pango, pango hupangwa kwa kipato cha kati cha eneo, halijali kama umefukuzwa kazi jana. Mratibu asiyejua jengo lake ni la aina gani atampa mtu ushauri wa jengo la jirani. Na yapo majengo yenye aina zote mbili, korido moja.

Kwa wapangaji waliofika kama wakimbizi kuna tarehe ambazo mratibu anapaswa kuzijua kwa moyo. Mwaka mmoja baada ya kufika ni wakati wa kuomba grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), na tangu sheria ya bajeti ya Julai 2025 mkimbizi asiye na grinikadi hana tena haki ya fudi stempu, kwa hiyo ucheleweshaji wa miezi mitatu ni miezi mitatu ya njaa. Mkimbizi mzee au mlemavu anayepokea SSI, posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ana miaka saba. Asipokuwa raia, malipo hukatika. Grinikadi ya mkimbizi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia, hivyo anaweza kuomba uraia kuanzia mwaka wa tano, hata siku 90 kabla yake. Dirisha lake ni miaka miwili. Msamaha wa Kiingereza kwa sababu ya umri unadai miaka 15 au 20 ya ukaazi, haumfai. Kinachoweza kumfaa ni fomu N-648, inayojazwa na daktari kueleza kwa nini ugonjwa au ulemavu unamzuia kujifunza, na fomu hiyo hukataliwa mara kwa mara kwa kuwa daktari ameandika mistari miwili. Mratibu si mwanasheria na asijifanye. Kazi yake ni kuziweka tarehe hizi kwenye kalenda na kumpeleka mtu kwa mwakilishi anayetambuliwa na Wizara ya Sheria kabla dirisha halijafungwa.

6. Hiari

Huduma ni hiari. Kanuni za kodi zinasema ada ya huduma isiyo ya hiari ihesabiwe ndani ya pango lenye ukomo. Bado tunakutana na mikataba inayomtaka mpangaji ahudhurie darasa la bajeti ili asitozwe faini. Liangalieni.

Visingizio tunavyovitarajia

Mtasema fedha hazipo. Tunajua zinakopotelea. Mshahara wa mratibu ukilipwa kwa kilichobaki baada ya deni la benki, mwaka ambao bima ya jengo imepanda hakibaki kitu, na mratibu ndiye wa kwanza kuondolewa. Ukiandikwa kama gharama ya uendeshaji kabla ya deni la benki, sawa na lifti na usafi, unabaki. Hilo linaamuliwa mezani kwenu, wakurugenzi wa mamlaka za majimbo, siku mnapopitisha hesabu za mradi. Mwenye jengo naye ahesabu anachotumia kumtoa mpangaji: wakili, mahakama, rangi, na miezi nyumba ikiwa tupu.

Mtasema agizo la rais la mwaka 2000 kuhusu wasiojua Kiingereza lilifutwa Machi 2025. Ni kweli. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haikufutwa. Isitoshe, ithibati ni kipimo cha hiari kinachodai kuwa juu ya kiwango cha chini cha sheria. Kama hakiko juu, kinathibitisha nini?

Mtasema wapangaji hawajibu madodoso. Dodoso lililotumwa kwa kiungo cha simu, kwa Kiingereza, na mwenye nyumba, litajibiwa na nani? Chagueni kaya 20 kwa kila jengo bila mwenye jengo kuzijua. Mkalimani asiyelipwa na mwenye jengo azipigie jioni na kuuliza maswali manne: Unamjua mratibu wako kwa jina? Mara ya mwisho ulipochelewesha pango, nani alikupigia kwanza? Barua zinazokuja unaelezwa na nani? Kuna jambo ulilomwambia mratibu likamfikia meneja? Simu moja haizidi dakika 15. Saa tano za kazi kwa jengo.

Mtasema ninyi si polisi. Hatuombi polisi. Tunaomba aliyetoa cheti awe na mlango wa kupokea malalamiko ya yule ambaye cheti kilitolewa kwa jina lake. Hivi sasa malalamiko hurudishwa kwa shirika lililolalamikiwa, yakiwa na jina la mlalamikaji.

Tunayoomba

Kwa taasisi za ithibati: orodha ya majengo yenye saa za mratibu, itolewe hadharani; simu kwa kaya 20 kwa kila jengo linalokaguliwa, kabla cheti hakijahuishwa; mafaili mawili yawe sharti la kufaulu, lisiwe pendekezo; saa 36 na 12 za mafunzo kwa waratibu wa majengo ya familia pia, zikiwamo kanuni za LIHTC na tarehe za wahamiaji; na anwani ya malalamiko inayopokea ujumbe wa sauti, isiyofichua jina la mlalamikaji kwa mwenye jengo.

Kwa mamlaka za majimbo: alama za huduma zitolewe kwa jengo, si kwa jina la shirika; mshahara wa mratibu uingie gharama za uendeshaji; na alama zilizotolewa kwa ahadi ya mratibu zifuatiliwe kila mwaka kama mnavyofuatilia vipato vya wapangaji, kwa adhabu ya aina ileile.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, hoja kwa hoja, mkitaja mnachokubali, mnachokataa na sababu. Tuko tayari kukaa nanyi, na mkitaka kujaribu kwanza kwenye majengo machache, tutawatafutia wakalimani wa Kiswahili, Kibembe, Kinyamulenge na Kirundi. Kikao kiwe jioni, kwenye jengo mojawapo.

Wenu,
Wakalimani, waratibu na wapangaji wanaozungumza Kiswahili katika nyumba za pango nafuu, Marekani

Nakala:
Wenye majengo na mashirika ya usimamizi yaliyothibitishwa
Vyama vya wapangaji
Ofisi za haki za makazi za majimbo